Zahiri na Batini ya Kichwa cha Habari
Katika Chuo cha Theolojia cha Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwanafunzi aandikaye tasnifu kwa programu ya Word huweza kukoleza na kukuza herufi za kila kichwa cha habari, kisha, akifungua kidirisha cha kando kinachopasa kumwongoza, akakikuta kitupu. Kwani mashine haitazami unene wa herufi, bali hutafuta mtindo wa kichwa uliowekwa kwa kusudi, na hata huo, ukiwa ndani ya jedwali, huupuuza (dhuluma ndogo, kwa rai yangu). Je, cheo cha maneno ni zahiri au batini? Injili nazo zilisomwa karne nyingi bila ya alama za zahiri kama aya zenye nambari, hata mpiga chapa Robert Estienne alipozitia mwaka 1551, wala sidhani kwamba Mtakatifu Augustino, asiyeziona kamwe, alipotea njia humo.