Bonge la Njegere

Njegere za Lushoto zinapofika kwa wingi Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, bei hushuka, na mwenye friza huona haya kununua kidogo. Nilibeba visado vitatu vya zilizokwisha kumenywa. Kufika nyumbani Sinza nilizisuuza, nikazijaza kwenye makopo ya aiskrimu zikiwa bado zinachuruzika maji, nikafunga friza. Nikajiona nimemaliza kazi ya miezi mitatu.

Baada ya wiki kadhaa mama mkwe alikuja kutoka Muheza, pamoja na shemeji yangu anayepika katika hoteli moja Zanzibar. Nikaamua kupika wali wa nazi wenye njegere. Kopo nililotoa lilikuwa na bonge moja, gumu kama tofali. Nililigonga kwa mchi, nikapima vikombe vinne vya vipande, nikavitia sufuriani na tui lile lile la siku zote. Kilichotoka ni bokoboko. Mama alikula alichopakuliwa, akasema, “Ahsante mwanangu,” wala hakuongeza. Kwa mtu wa Tanga na wali wa nazi, hiyo ni hukumu.

Asubuhi shemeji alifungua friza, akatikisa kopo jingine. Kimya.

“Shemeji, njegere zilizoganda vizuri hulia kama kokoto. Hizi zimeyeyuka zikaganda tena. Umeme ulikatika lini?”

Nikakumbuka. Ulikatika jioni moja, ukarudi kesho yake mchana. Na usiku ule watoto walifungua friza mara nyingi wakitafuta maji baridi. Uliporudi nilipapasa kopo la juu, nikaona ubaridi upo, nikaridhika.

Alipima vikombe vinne vya vipande kama nilivyofanya mimi, akavitia kwenye chujio juu ya bakuli. Vilipoyeyuka, njegere zilijaza vikombe vitatu tu, tena zimelegea, maganda yamezitoka. Bakulini kulikuwa na maji karibu kikombe kizima. Ndiyo maji niliyoyaongeza kwenye wali bila kujua. Nilikuwa nimepima barafu nikidhani napima mboga.

Wali ungeishia kwenye aibu tu. Kilichonitia hofu ni mtoto wangu wa mwisho, ambaye joto likizidi huchota njegere za friza akazitafuna kama barafu. Wiki ile ile ya umeme kukatika aliendesha siku mbili. Siwezi kuapa kwamba ni njegere, lakini nilikoma. Baridi ya friza haiui vijidudu, huvilaza tu. Mboga ikiyeyuka vinaamka. Huko Ulaya, kati ya 2015 na 2018, mahindi machanga ya kugandishwa yalihusishwa na ugonjwa wa listeria uliowapata watu 47, na 9 wakafa. Mboga ya friza ni mboga mbichi, inataka moto. Kisamvu ndicho zaidi: sumu yake haiondoki kwa kugandishwa, lazima kitwangwe na kuchemshwa sawasawa.

Shemeji alinifundisha upya kwa kisado kimoja kibichi. Maji yachemke kwanza, njegere ziingie dakika moja na nusu, zitolewe moja kwa moja kwenye maji ya barafu. Moto ule mfupi huzuia zisipoteze rangi na ladha zikikaa. Kisha, na hapa ndipo nilipokosea, zikaushwe kwa kitambaa safi, zitandazwe kwenye sinia zisilaliane, zigande, ndipo ziingie kopo. Siku ya kupika hazisubiriwi ziyeyuke. Zinakwenda jikoni zikiwa ngumu, wali ukikaribia kukauka. Umeme ukikatika, mlango usiguswe: friza iliyojaa hushikilia baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu, siku moja.

“Na kama sipo nyumbani?” nilimuuliza.

Akagandisha kikombe cha maji, akaweka juu yake sarafu ya shilingi 200, akakirudisha ndani. Sarafu ikibaki juu, barafu haikuyeyuka.

Mwezi uliofuata tulikwenda msibani siku tatu. Tuliporudi taa zilikuwa zinawaka, friza inanguruma, makopo yote magumu. Nikainua kikombe dirishani. Sarafu ilikuwa chini kabisa, imeshikwa na barafu, na juu yake barafu safi. Nikatoa makopo yote, nikayamwaga, na moyo ukiniuma.