Mvua Yako Ilinyesha Wapi?

Chundwa, kisiwani Pate, mahindi yanayopandwa masika huvunwa kusi ikivuma. Mavuno ni haki ya nani? Mjini jibu tunalo: ya aliyetoka jasho, basi.

Ila zaka ya mazao ina hesabu nyingine. Mavuno yakifika kiwango, shamba lililonyweshwa na mvua hutoa asilimia 10. La kumwagiliwa kwa gharama, asilimia 5. Yaani ulichopata bila jasho ndicho kinachodaiwa zaidi.

Chuo niliacha, lakini karo niliyosomea ilitoka kwenye magunia ya bibi yangu. Sikushika jembe hata siku moja. Ile ndiyo mvua yangu, na deni lake bado ninalo.

Nawe unayesema umejitafutia mwenyewe, hebu hesabu: jasho lako ni lipi, na mvua ni ipi?