Mwamuzi wa Wimbo ni Nani?

Kila mwaka ukaribiapo kwisha, wahakiki wa muziki katika Marekani hupima albamu zilizotoka tangu Januari na kuzipanga kwa daraja: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya kumi. Hukumu hiyo itangazwapo, wapenzi wa rapu hugawanyika. Mmoja husema wahakiki wamenena kweli. Wa pili husema wamepofuka. Wa tatu huuliza ni nani aliyewapa watu hao mizani. Swali la huyu wa tatu ndilo zito, nami nakuomba, msomaji, tulipime pamoja. Hata kama hujapata kusikia albamu moja ya rapu, siku haipiti bila mtu kukuambia kipi ni kizuri na kipi ni kibaya.

Yafaa kwanza tumtendee haki mhakiki. Gazeti la The Village Voice la New York, kabla halijafungwa mwaka 2018, lilikuwa na desturi ya kukusanya kura za wahakiki wa nchi nzima. Kila mpiga kura alipewa alama 100 azigawe kwa albamu 10. Hakuna albamu iliyoruhusiwa kupata zaidi ya alama 30 wala chini ya 5. Kanuni hiyo ilimlazimisha mtu kupima badala ya kushangilia tu, kwa maana aliyeongeza huku hakuwa na budi kupunguza kule. Kwa mizani hiyo, albamu ya Public Enemy iitwayo It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back ilishika nafasi ya kwanza katika mwaka 1988, mbele ya muziki wa kila aina. Rapu ilikuwa imezaliwa katika mitaa ya mafukara ya Bronx katika miaka ya 1970, na watu wengi walikuwa wakiidhania kelele. Mhakiki mwema hutufungulia mlango ambao sisi tungeupita bila kuubisha.

Lakini waamuzi si wa kauli moja. Mapema mwaka 1989 tuzo za Grammy zilitoa kwa mara ya kwanza zawadi ya rapu, na zawadi hiyo haikuonyeshwa katika televisheni. Baraza moja liliuketisha muziki huo juu ya kiti. Baraza jingine likaupokea kwa mlango wa nyuma. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mhakiki naye ni mwamba ngoma: ana umri wake, mtaa wake na masikio yake.

Je, basi mwamuzi awe soko? Wako wapenzi wadaio hivyo. Husema wanunuzi wengi hawawezi kukosea. Tutazame. Kuanzia mwaka 1990 albamu ya Vanilla Ice iitwayo To the Extreme ilikaa wiki 16 katika kilele cha mauzo ya Marekani, ikauzwa zaidi ya nakala milioni 7. Leo ni nadra kumkuta mpenzi wa rapu aitajaye kuwa kilele cha sanaa hiyo. Mwaka 1994 kijana wa miaka 20, Nas, alitoa Illmatic. Jarida la The Source liliipa vipaza sauti vitano, daraja lake la juu kabisa. Lakini ilipita zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla haijapata hati ya mauzo ya nakala 500,000. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila chema huweza kujiuza polepole, na kibaya huweza kutembea mbali sana kabla hakijachoka.

Limebaki shauri la tatu, nalo ni wakati. Mwaka 1992 wahakiki wa Village Voice waliliweka mbele kundi la Arrested Development. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule, The Chronic ya Dr. Dre ikatoka, na mlio wake ukabadili rapu ya miaka iliyofuata. Ni mizani gani ingeweza kuupima uzito wake kwa majuma mawili? Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa faida ya taifa, na kanuni yake ni kwamba sauti haiingii kabla haijatimiza miaka 10. The Chronic iliingia mwaka 2020. Illmatic ikafuata mwaka 2021. Kipya kinyemi; kikongwe hujulikana kwa kudumu.

Hata hivyo kudumu si kutakasika. Katika The Chronic mna maneno ya kuwadhalilisha wanawake, na miaka haikuyafuta. Msikilizaji mwadilifu aweza kusema kwa kinywa kimoja kwamba muziki ule ni wa ufundi mkubwa na kwamba maneno yale ni ya aibu. Namba moja, mbili au tatu haiwezi kuzibeba kauli hizo mbili kwa pamoja. Huo ndio upungufu wa kila orodha.

Basi naona hukumu ya mhakiki ni ushahidi, si sheria. Shahidi hustahili kusikilizwa, na hustahili kuulizwa. Wajibu wake ni kusikiliza sana, kutoa sababu, na kutoficha upande avutiao. Wajibu wa mpenzi si mdogo. Asiitetee albamu kwa matusi, wala asiikatae asiyoisikia. Tena atenganishe kauli mbili zinazochanganywa kila siku: “naipenda” na “ni bora.” Ya kwanza haihitaji shahidi, kwa kuwa moyo ni wako. Ya pili ni dai juu ya kitu kilicho mbele ya watu wote, na dai halisimami bila hoja.

Msomaji, asiyeamua mwenyewe huamuliwa na wengine, na anayeamua bila kuwasikiliza wenzake hujifungia gizani. Ukiletewa orodha, iwe ya nyimbo, ya vitabu au ya watu, uliza imepimwa kwa mizani gani. Kisha sikiliza kwa masikio yako, useme uonavyo, na uwe tayari kueleza kwa nini.