Si wa Hapa

Neno hili nimelisikia mara nyingi maishani, ila safari hii nililisikia mahali ambapo sikulitegemea: ukingoni mwa ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, saa moja na nusu asubuhi, sisi tumejikunyata kwa baridi na ndoo iko katikati yetu. Rafiki yangu alichomoa mnyama mmoja mdogo mwenye magando, hazidi kidole cha mtoto, akamtupa juu ya jiwe na kumkanyaga kwa buti. Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Huyu acha afe. Si wa hapa."

Tulikuwa wanne. Fundi, ambaye ndiye aliyekanyaga, ni fundi cherehani. Tulivuka naye mpaka Juni 2022, siku zile Bunagana ilipoanguka, tukalala pamoja chini ya turubai moja kule Kisoro kabla ya kupelekwa Nakivale. Baadaye aliondoka Nakivale akaenda kushona Kabale mjini. Mwalimu alifundisha shule ya msingi kwetu, na bado anaongea kama yuko mbele ya ubao. Wa tatu ni Yaya. Si dada yetu wa tumbo moja, lakini ametuzidi umri na sote tunamwita hivyo. Wa nne ni mimi. Fundi alitutumia ujumbe: "Mukuje tu, tutakula kitu hamujawahi kula." Tukachanga nauli wiki tatu, tukapanda gari Mbarara, tukaja.

Kitu chenyewe, kwa Kiswahili cha vitabuni, ni kamba wa maji baridi. Watu wa ziwani wanamwita kreifishi. Mwalimu, aliyesoma kwa Kifaransa, anamwita ekrevisi. Ana mwili kama wa kamba wa baharini na magando mawili kama ya kaa. Ganda lake ni jekundu la kukaribia weusi, na ukimsogelea anarudi kinyumenyume huku amenyanyua magando kama mlevi anayetafuta ngumi. Mzee mwenye mtumbwi, Mukiga wa pale pale, humtega kwa migono ya matete. Anaiweka jioni karibu na mafunjo, ndani ametia matumbo ya samaki, kwa sababu wanyama hawa hutembea usiku. Asubuhi anaivuta. Siku hiyo alituruhusu tuvute sisi, naye akakaa nyuma ya mtumbwi akitucheka namna tunavyoogopa vidole vyetu.

Basi Fundi aliposema lile neno, Mwalimu akacheka. Mimi nikacheka pia. Yaya hakucheka. Aliinama akaendelea kuchambua waliokuwa ndooni, wakubwa huku, wadogo huku.

Sitaki kudanganya kwamba Fundi alisema uongo. Ni kweli mnyama huyu si wa hapa. Madagaska wana kamba wao wa maji baridi wa asili, lakini huku kwetu bara hatukuwa nao kabisa. Huyu mwekundu asili yake ni mabwawa ya kusini mwa Marekani, upande wa Louisiana, na kaskazini mwa Meksiko. Ni kweli pia kwamba ana madhara. Mfano unaojulikana ni ziwa Naivasha, Kenya. Aliingizwa kule mwaka 1970, na baada ya miaka michache alikuwa anavuliwa na kuuzwa mpaka Ulaya. Lakini ilipofika miaka ya 1980, mimea ya chini ya maji ilikuwa imetoweka kwa sehemu kubwa, na mayungiyungi pia, na yeye ndiye aliyetajwa kuwa mtafunaji mkuu. Wavuvi nao walilalamika kwamba anawala samaki walionasa nyavuni. Mzee wa Bunyonyi alitusimulia malalamiko yale yale: alipomwona mara ya kwanza alimchukia, kwa sababu ya nyavu.

Kwa hiyo hoja yangu haisemi kwamba kamba ana haki ya kuachwa ajaze ziwa. Avuliwe. Nilimvua mwenyewe, nikamla, nikalamba vidole. Swali langu ni jingine: neno "si wa hapa" linampa mtu ruhusa ya kufanya nini?

Angalia kwanza linavyotumika. Naivasha hiyo hiyo ina samaki aina ya bass, ambaye aliletwa kutoka Marekani tangu 1929 ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Hata tilapia wanaovuliwa pale waliletwa. Hawa wakiletwa mezani hakuna anayewauliza asili yao, wanaitwa samaki wa Naivasha. Sahani tuliyokula sisi siku ile ilikuwa na viazi vya Kabale, nyanya na pilipili. Vyote vitatu mababu zake ni wa Amerika, vilivuka bahari kama huyo kamba. Sijaona mtu akikanyaga kiazi kwa buti. Kumbe "si wa hapa" hatulisemi kwa kila kisicho cha hapa. Tunalisema kwa kile ambacho tayari tumekikasirikia, na baada ya kulisema hatuhitaji tena kueleza hasira yetu.

Halafu kuna jambo la ndoo. Hakuna kamba aliyetembea kutoka Louisiana mpaka Afrika Mashariki. Alibebwa. Kuna mtu aliyemtia kwenye chombo, akamsafirisha, akamwaga. Mzee hajui nani alimleta Bunyonyi, na hata hajawahi kuuliza. Hivyo ndivyo inavyokuwa kawaida. Aliyebeba ndoo alikuwa na mahesabu yake, alikwenda zake, na jina lake halikubaki ukingoni. Aliyebaki ukingoni ni aliyemwagwa, na buti linamfikia yeye.

Najua hapa msomaji wa jarida letu ameshaniona ninakoelekea. Mwalimu naye aliniona. Tukiwa tunapanda kilima na ndoo akasema, "Andika basi: sisi wakimbizi ndio kamba." Nilimkatalia pale pale, na ninakataa tena hapa kwa maandishi. Mfano huo unasemwa na watu wa aina mbili. Wako wanaotuchukia, na wako wanaotuhurumia, na wote wawili wanatutia ndani ya ndoo moja. Mimi si aina ya mnyama. Mimi na mwenyeji wangu wa Isingiro ni aina moja, tunaoana, tunazikana, tunagombania bei ya maharage. Nikikosea naweza kushtakiwa kwa jina langu, na nikiahidi naweza kutimiza. Kamba hawezi kuombwa aache nyavu za watu. Mimi naweza kuombwa, tena naweza kukubali. Tena ukikubali mfano huu kwa sababu leo unakuletea huruma, umeshakubali na sehemu yake ya pili: siku mmoja wetu atakapochana wavu wa mtu, itakuwa halali kutukanyaga sote.

Kwa hiyo kamba ni kamba na mtu ni mtu. Lakini kuna kitu kimoja kinachovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, nacho ni mazoea ya mguu. Mguu hauna akili ya kutofautisha. Ukizoea kukanyaga kwa sababu ya neno moja, siku neno hilo likisemwa juu ya mtu utajikuta unakwenda wenyewe. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuona.

Kwetu, sokoni, kulikuwa na baba mmoja aliyeuza chumvi na sabuni. Mtoto wake nilisoma naye darasa moja. Siku moja vijana walikuja, wakapindua meza yake, wakamfukuza mpaka barabarani, wengine wameshika mawe. Sababu waliyoitoa ilikuwa maneno matatu: si wa hapa. Mimi nilikuwa nimetoka mtoni na bidoni langu la maji. Sikurusha jiwe. Miaka mingi nimejisifu moyoni kwamba sikurusha jiwe. Lakini ukweli mwingine ni kwamba sikuweka hata bidoni chini. Nilisimama nalo mkononi nikatazama, na ndani yangu kulikuwa na sauti inayosema, "Ni kweli lakini, si wa hapa." Neno lile lilinitosha. Lilinifanya nione jambo hilo haliniusu. Leo ninaishi kwa hisani ya watu ambao wangeweza kunitazama vilevile.

Tulipika nyuma ya nyumba anayopanga Fundi. Mwalimu alitaka kuwatia kwenye maji baridi kisha kuwasha moto, kwamba ni rahisi, hawarukiruki. Yaya alikataa kabisa. "Apana. Maji yachemke kwanza, yachemke sana." Akasubiri mpaka sufuria inatoa povu. Akamchukua kila mmoja mgongoni, akamchoma kisu kichwani haraka, ndipo akamtia majini. Mwalimu akauliza, "Sasa Yaya, unamuhurumia na kumla utamla?" Yaya akajibu bila kuinua uso, "Nitamla. Ndiyo maana."

Sikuelewa jibu hilo siku ile. Sasa nafikiri ninalielewa kidogo. Kula kunahitaji kuua, lakini hakuhitaji dharau. Yule anayeua ili ale analazimika kumtazama anayemuua, kumshika vizuri, kujua kichwa kiko wapi. Aliyekanyaga juu ya jiwe hakutazama. Hata nyama hakuipata. Wale wadogo ambao Yaya aliwatenga, Mzee aliwachukua akawapelekea kuku wake, hakuna kilichopotea.

Baada ya kuwachemsha tuliwamenya mikia, tukatoa ule uzi mweusi wa utumbo, tukakaanga kwa vitunguu, nyanya na pilipili. Nawaambia ukweli, kazi ni kubwa na nyama ni ndogo. Ndoo nzima ilitupa sahani mbili. Lakini ni tamu, tamu ya kukunyamazisha. Katikati ya ukimya huo Yaya akasema, kama anayeendeleza mazungumzo ambayo sisi hatukuyasikia, "Mume wangu pale barabarani walimuuliza swali moja tu, ni wa wapi. Alijibu vizuri. Alizaliwa hapo hapo, babu yake kazikwa hapo hapo. Lile jibu halikumusaidia kitu."

Fundi aliacha kula. Alisema, "Yaya, unisamehe." Yaya akamwongezea viazi.

Jibu la mume wa Yaya ndilo limenifanya niandike. Maana mtu anaweza kudhani dawa ni kuthibitisha kwamba wewe ni wa hapa. Lakini lile ziwa lenyewe linakanusha. Asubuhi ile, tukirudi na mtumbwi, tulipita kisiwa kidogo sana chenye mti mmoja. Kinaitwa Akampene. Mzee alipunguza kupiga kasia akatueleza kwamba zamani msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alipelekwa pale na kuachwa, afe kwa njaa na baridi, au azame akijaribu kuogelea. Wengine waliokolewa na wanaume wasiokuwa na ng'ombe wa mahari, waliokuja kuwachukua bure wawe wake zao. Aliyempa mimba hakupelekwa kisiwani.

Wale wasichana walikuwa wa hapa kuliko mtu yeyote. Walizaliwa kwenye vilima vile, walijua lugha, walijua jina la kila ghuba. Waliowapakia mtumbwini walikuwa baba zao na kaka zao. Kwa hiyo uenyeji haukuwakinga. Mkono unaotaka kumtupa mtu hautakosa neno la kutumia. Neno likishindikana kuwa "si wa hapa" litakuwa "ametuaibisha," na hilo likiisha litapatikana jingine. Na kama kawaida, mwenye ndoo hayupo.

Ndiyo maana nimeacha kutafuta jibu zuri la swali "wewe ni wa wapi." Nalijibu nikiulizwa na afisa, maana sheria ina haki ya kuuliza, na karatasi zangu ninazo. Lakini kwenye mambo ya nani apigwe, nani aachwe, nani atazamwe tu na mtu aliyeshika bidoni, swali hilo halifai kuulizwa kabisa. Maswali yanayofaa ni mengine. Amefanya nini? Nani alimleta, na kwa faida ya nani? Na mimi, kabla mguu wangu haujashuka, nimemtazama?

Fundi ameniandikia juzi. Mzee anamruhusu sasa kuvuta migono Jumamosi, wagawane. Anasema wadogo anawapelekea kuku. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikumuuliza. Tunachanga nauli tena.