Mlinzi wa Mkate

Katika nyumba nyingi yupo mtu asiyelala mpaka kila mmoja awe amekula. Wengine wakishamaliza, hupakua ugali na maharage, akafunika sahani kwa sahani nyingine na kusema, "Hiki cha Baba Neema, asiguse mtu." Huenda huyo baba aliondoka asubuhi amekasirika, hata kuaga hakuaga. Chakula chake kipo.

Waingereza, pale sisi tunaposema Bwana katika Biblia, wao husema "lord". Ni neno la wakubwa, na huku kwetu mijini tunalisikia ndani ya "landlord", mwenye nyumba anayesubiri kodi yake. Lakini asili yake ni chakula. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita lilikuwa hlafweard, yaani mlinzi wa mkate. Mama wa nyumba, ambaye leo ni "lady", alikuwa hlæfdige, mkandaji wa mkate. Na aliyekula kwao aliitwa hlafæta, mla mkate. Jina hilo limo hata katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwaka 600 hivi. Baadaye vinywa vya watu vililifupisha neno hlafweard, mkate ukatoweka, ukabaki ukubwa.

Je, nasi hatujamwondolea Bwana wetu mkate mkononi, tukamwogopa kama mdai aliye mlangoni?

Mtazame ufukweni mwa bahari ya Tiberia, katika Yohana 21. Petro alikwisha kumkana mara tatu, akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Sasa ametoka kuvua, amelowa, na anapofika nchi kavu anakuta tena moto wa makaa. Safari hii juu yake kuna samaki, na mkate upo. Bwana haanzi na yale ya usiku ule alipokanwa. Anawaita Petro na wenzake wale kwanza. Maswali yake matatu kuhusu upendo yanakuja baada ya chakula, na kila jibu la Petro linapokewa kwa kukabidhiwa kondoo awatunze. Msamaha gani huu, unaompa mkosaji kazi ya kulisha wengine!

Ni nani aliyekukosea wiki hii, nyumbani au kazini? Pengine bado moyo wako ni mzito kuzungumza naye, na Mungu anaujua uzito huo. Basi mkaribishe chakula kwanza. Mengine mtayaongea mkishakula.