Mwendo wa Wale wa Nyuma

JUMATANO

Soma Mwanzo 33:12–14, Hesabu 12:14–16, Kumbukumbu la Torati 25:17, 18. Je, ni nani aliyepima mwendo wa safari katika kila fungu?

Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, kundi letu la Watafuta Njia na washiriki wachache wazima tuliondoka Tabora mjini kwenda Kwihara kwa miguu. Si mbali; ni mwendo wa asubuhi moja. Tulitaka vijana waione nyumba ya tembe aliyokaa Daudi Livingstone mwaka 1872, nasi tujifunze habari za njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji.

Safari ilianza kuharibika mapema. Tulichelewa kuondoka. Kisha kiongozi wetu mmoja akasema anaijua njia ya mkato, nayo ikatuzungusha katika mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa, jua likiwa kali. Maji yakapungua, manung'uniko yakaongezeka. Vijana wenye nguvu wakaamua kutangulia. Ili kuwatia moyo waliochoka, tukaanza kuimba nyimbo za safari ya mbinguni kwa sauti kubwa.

Tulipohesabiana kwenye kivuli cha mwembe, alipungua mtu mmoja: mama shemasi aliyebeba chakula chetu. Tukarudi mbio. Tulimkuta ameketi chini katika korongo kavu. Mguu uliteleza kwenye changarawe, goti limechubuka na kifundo kimeanza kuvimba. Kapu lilikuwa pembeni yake, limefunikwa vizuri.

“Mama, pole sana. Mbona hukutuita?”

“Niliwaita, wanangu. Niliwaita mara tatu. Mlikuwa mnaimba.”

Hakuna aliyepata neno la kujibu.

Jeraha lilikuwa dogo. Tulilifunga kwa kipande cha kanga, na baada ya siku chache alipona. Lakini maneno yale hayakutoka mioyoni mwetu. Tulikuwa tukiimba habari za kufika pamoja, na wimbo wenyewe ndio uliotuzuia kumsikia aliyeachwa. Tena mzigo aliokuwa ameubeba ulikuwa wetu sote.

Njia ile ya misafara inayajua mambo haya. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu au nguo mabegani. Lakini walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Mtumwa aliyeishiwa nguvu aliweza kuachwa porini au kuuawa, kwa maana msafara ule haukupimwa kwa mwendo wa dhaifu. Ulipimwa kwa faida.

Hata hivyo njia hiyo hiyo iliona jambo lingine. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873, Susi na Chuma pamoja na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi Oktoba, walimkuta Mwingereza aitwaye Cameron, akawashauri wamzike pale pale. Walikataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Ikiwa watu hawa waliweza kukataa kumwacha njiani aliyekwisha kufa, sisi tutasema nini juu ya ndugu aliye hai?

Sasa rudi kwenye mafungu yetu. Esau alimtaka Yakobo waende pamoja, naye alikuwa na watu mia nne wenye nguvu. Yakobo akajibu kwamba atakwenda polepole, kadiri ya mwendo wa watoto na wa mifugo inayonyonyesha. Kumbuka kwamba asubuhi ile ile Yakobo alikuwa ametoka Penueli akichechemea (Mwanzo 32:31). Aliyeguswa na Mungu katika udhaifu wake hujifunza kuwangoja wengine.

Miriamu naye hakuwa mgonjwa asiye na hatia, alikuwa amekosa. Lakini Israeli yote ilisimama siku saba mpaka aliporudishwa kambini. Amaleki, kwa upande wake, alijua mahali pa kupiga: hakupiga mbele walipo hodari, alipiga nyuma walipo waliochoka. Adui wa roho zetu hajabadili mbinu hiyo.

Siku ile hatukuendelea kama tulivyoanza. Vijana wawili walilichukua kapu, mama akawekwa mbele akiegemea fimbo, na sisi sote tukafuata hatua zake. Tulifika Kwihara tumechelewa, lakini tulifika wote. Yule kiongozi wa njia ya mkato alitembea wa mwisho kabisa, kwa hiari yake, akihakikisha hakuna aliye nyuma yake.

Kila Sabato katibu wa darasa huandika idadi ya waliokuwapo na wasiokuwapo. Namba hiyo ya pili si ya taarifa tu. Huenda ni mtu aliyeketi korongoni, ametuita mara tatu, nasi tulikuwa tukiimba.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma Hesabu 10:25 na Isaya 52:12. Kwa nini kulinda nyuma ni huduma, na Mungu mwenyewe hujifananishaje nayo?

2. Soma Wagalatia 6:2, 5. Tunawezaje kutofautisha mzigo ambao mtu hana budi kuubeba mwenyewe na ule ambao tumemwachia isivyo haki?

3. Katika kanisa lako, ni shughuli gani njema inayoweza kutuzuia kusikia sauti ya aliyeanguka? Mfanye nini ili msikie?

4. Mtaje moyoni mtu mmoja ambaye hujamwona kanisani kwa Sabato tatu. Utamtembelea lini juma hili?