Kosa Ni la Nani: Fundi au Aliyemwita?

Moto ukiisha kuteketeza nyumba, watu huuliza kwanza: ulianzia wapi? Wakisikia kwamba ulianzia katika waya za umeme, humtafuta fundi. Ni yule, husema, aliunga vibaya. Na maneno huishia hapo. Sisi twaona hayajaisha. Fundi hakuingia nyumbani kama mwizi, aliitwa. Aliyemwita alimchagua kati ya wengine, akapatana naye bei, akamwonyesha mahali pa kufanya kazi. Je, huyo hana fungu lake katika kosa?

Tuchukue mfano wa Bukavu, kwa sababu huko jambo hili laonekana wazi. Katika Kadutu nyumba nyingi ni za mbao, zimejengwa kwenye mteremko, ukuta wa huyu wagusana na ukuta wa yule. Pengi njia ni nyembamba, gari la kuzima moto haliwezi kupita. Kiangazi kikifika mbao hukauka, na moto ukishika nyumba moja hauulizi mpaka wa kiwanja. Tena umeme wenyewe huja na kukatika. Mama ameweka maharagwe juu ya resho, umeme wakatika, naye aenda sokoni bila kuichomoa. Baada ya saa mbili umeme warudi, na nyumbani hamna mtu.

Basi, tuseme baba mmoja wa mtaa huo ataka kuingiza umeme katika vyumba viwili alivyoongeza. Yuko fundi aliyefundishwa kazi. Aomba dola 60 pamoja na vyombo. Yuko pia mpwa wake, kijana asiye na kazi, aliyewahi kutengeneza redio na kubadilisha taa. Yeye ataridhika na 20. Baba amwita mpwa. Ukoo wote wamsifu: amemkumbuka mtoto wa dada yake.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Waya ya shaba yenye unene wa milimita mraba 1.5 kwa kawaida huwekewa fizibo ya amperi 16, si zaidi. Resho moja ya wati 2000, kwa umeme wa volti 220, hula amperi 9. Resho mbili ni 18. Ongeza pasi ya wati 1000, wakaribia 23. Na joto halifuati hesabu ya kujumlisha tu: umeme upitao katika waya ukizidi mara mbili, joto lazidi mara nne. Ndipo fizibo hukatika. Hiyo ndiyo kazi yake, kukatika kabla waya haijaungua. Lakini kijana wetu aona fizibo yasumbua watu, basi aondoa ile iliyokatika na kuweka kipande cha waya nene. Haikatiki tena, na mjomba amshukuru. Wala hatujasema neno juu ya maungo: waya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungiwa kipande cha mfuko wa plastiki hulegea kidogo kidogo, na penye kulegea joto hukusanyika, nyuma ya mbao kavu, ambako jicho halifiki.

Pengine mtu atajibu: Kijana hakujua, na mjomba hakujua; asiyejua hana dhambi. Twajibu: kuna kutojua kwa namna nyingi. Mtakatifu Thomas wa Akwino alitenga kutojua kwa yule asiyeweza kujua na kutojua kwa yule asiyetaka kujua, na huyu wa pili hakumtoa katika lawama. Mjomba angeweza kuuliza. Hakuuliza kwa sababu jibu lingemgharimu dola 40.

Wazee wa Israeli waliamriwa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni: amri yamwangukia mwenye nyumba. Sheria ya Kongo nayo, tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, yamtaka mtu alipe hasara aliyoleta kwa uzembe wake, si ile ya makusudi tu.

Lakini kuna neno zito zaidi, nalo tusilipite mbio. Watasema: Kumpa ndugu kazi ni upendo. Mkiwanyima vijana kazi, watajifunza wapi? Ni kweli, na twawasikitikia vijana hao, kwa maana tunao wengi katika parokia zetu. Ila tuulize: sadaka hii imetoka katika mfuko wa nani? Mjomba ametoa dola 20 na kubakiza 40. Kilichobaki kimetolewa na jirani, mjane anayelala na watoto wake upande wa pili wa ule ukuta, naye hakuulizwa. Kutoa mali ya mwingine si ukarimu. Kama mjomba ampenda mpwa wake, ampe mlango wa kutengeneza, ukuta wa kupaka rangi, au, lililo bora, amlipe fundi mzee na kumwomba amchukue kijana awe msaidizi, ashike ngazi, atazame, aulize. Hivyo ndivyo ufundi ulivyopokewa siku zote.

Tena mafundi wenyewe wasifurahi upesi. Tuseme yule fundi wa dola 60 ameitwa kweli, na mwenye nyumba amemkamua mpaka 35. Fundi ana watoto, akubali. Halafu, ili abakiwe na kitu, anunua waya nyembamba na kunyamaza. Hapo wote wawili wamekosa, kila mtu kwa upande wake: mmoja alijua kwamba fedha haitoshi kazi njema, mwingine alijua kwamba kazi si njema. Thomas yule yule asema kwamba mwenye kuuza kitu chenye kasoro ya siri iletayo hatari lazima aitangaze. Na kasoro gani ni ya siri kuliko ile iliyopigiliwa mbao juu yake?

Fundi na aseme mbele ya mwenye nyumba: Baba, kwa fedha hii naweza kufanya chumba kimoja, taa mbili, bila resho. Wengi wakisikia hivi hukasirika, hudhani wanadanganywa. Waite basi fundi wa pili mwenye kujua, wamwulize yeye naye. Akisema vilevile, chumba cha pili kikae na tochi mpaka mshahara wa mwezi ujao.